Debe la Mwisho la Sista Tryphena

Kwa miaka kumi na sita, mwanamke wa Kasigau aliyekwenda kujifungua kwenye zahanati yetu alikwenda na vitu vitatu: leso mbili safi, wembe mpya, na debe la maji kichwani. Leso ungeweza kuazima kwa jirani. Wembe Sista angekupa akiwa nao. Lakini debe lilikuwa lazima, kwa sababu zahanati haikuwa na tone la maji, na mlima wenye chemchemi ulikuwa pale pale nyuma ya dirisha.

Nasema hivyo kwa hasira na wala siombi radhi. Mlima una msitu, msitu una ukungu, ukungu unashuka kila asubuhi, na chini yake mwanamke mwenye uchungu wa uzazi anapanda njia ya mawe na lita ishirini kichwani. Mimi Reuben nilikuwa bwana shamba wa hapo tangu mwaka wa sabini na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kulima. Akina mama hao walipita mbele ya shamba langu la maonyesho karibu kila wiki, nami nikawasalimia vizuri sana. Niliwasalimia tu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sista Tryphena alizaliwa Mgange, kule juu ambako mwezi wa saba watu hulala na sweta. Aliletwa Kasigau mwaka wa sitini na tisa na lori lililobeba yeye, kitanda kimoja cha chuma na mizani ya kupimia watoto. Wenyeji walimtazama akishuka, mfupi, mnene, amevaa raba za kiume chini ya gwanda jeupe, wakasema huyu hamalizi miezi sita. Joto litamfukuza, na lisipomfukuza joto, ndovu watamfukuza. Yeye akaingia ndani, akafagia popo, akatundika mizani, kisha akatoka mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Wajawazito wako wapi?"

Walikuwapo, na hawakwisha. Alipokea watoto mpaka wale wa mwanzo wakaanza kumletea wa kwao. Alikuwa na kicheko kilichosikika mpaka shuleni, na ukali uliosikika mbali zaidi. Alimgombeza chifu kwa kutovaa viatu vyake vizuri. Aliwahi kunigombeza mimi mbele ya wakulima kwa sababu niliwaambia wale mboga za majani ilhali mfukoni nilikuwa na mkate mweupe. Watu walicheka siku mbili.

Sasa, mwaka wa themanini na tano ikaja amri kwamba watumishi wote wa serikali katika lokesheni wakae pamoja, wachague lengo moja, wasaidiane kulifikia. Tukakaa kwenye benchi la zahanati, kila mtu na faili lake. Alikuwapo Mwalimu Obadiah, mkuu wa shule ya msingi. Alikuwapo Donald, aliyesimamia askari wa wanyamapori. Alikuwapo Miraj, fundi wa maji kutoka Voi, mtu wa mjini, kofia safi, maneno laini. Na mimi. Kila mmoja alisoma lengo la idara yake, na kila mmoja alisoma polepole ili lionekane kubwa.

Sista alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chaki ya Mwalimu, akaandika kwenye mlango wa zahanati, kwa herufi za kimo cha mkono: KRISMASI IKIFIKA, HAKUNA MAMA ATAKAYEKUJA NA DEBE.

"Hilo ndilo lengo," akasema. "Na mtu asilifute mpaka litimie. Ukipangusa mlango wangu nitakupangusa wewe."

Tulipiga makofi. Lilikuwa jambo jepesi kwenye karatasi. Chemchemi ilikuwa mlimani. Mabomba ya chuma yalikwisha kuletwa, yamelala Maungu kando ya barabara kuu. Miraj alikuwa na mabomba lakini hana gari la kuyaleta. Mimi nilikuwa na trekta na trela yake, lakini sina dizeli. Donald alikuwa na mapipa mawili ya dizeli, na gari lake limewekwa juu ya mawe halina magurudumu. Mwalimu alikuwa na wazazi wenye majembe, ambao hawawezi kuchimba mtaro bila kuonyeshwa unapita wapi. Hata mtoto wa darasa la pili angeweza kulifumbua hilo fumbo. Sisi watu wazima wanne tulikaa nalo kuanzia Aprili mpaka Septemba.

Tulikuwa na vinyongo, hiyo ndiyo sababu. Donald alikuwa na hasira na mimi kwa sababu niliandika Voi kwamba askari wake wamelala huku ndovu wanakula mahindi. Mwalimu alikuwa na hasira na Donald, kwa kuwa ndovu waliangusha jiko la shule na Donald akafika siku ya tatu, amenyoa ndevu. Miraj alikuwa na hasira na Mwalimu, ambaye alimkaribisha nyumbani kwake siku nne, kila siku nyama, na hakuna aliyemwambia imechinjwa na nani. Maskini akala ugali na chumvi siku zote nne, akasema ameshiba. Na mimi nilikuwa na hasira na Miraj, kwa kuwa alipopima njia ya mtaro alipigilia vigingi vyake katikati ya ndengu zangu za maonyesho, wiki ile ile wakubwa wangu walipokuwa wanakuja kuziona.

Kwa hiyo nilipoombwa trekta nilisema ina shughuli. Donald alipoombwa dizeli alisema anasubiri kibali. Tuliandikiana barua za adabu sana.

Mwishoni mwa Septemba ikafika barua nyingine, fupi, kutoka ofisi ya maji Voi. Ikiwa mabomba hayatakuwa yameondoka Maungu kufikia tarehe kumi Oktoba, yatapelekwa kwa watu wengine walio tayari.

Sista alituita asubuhi ya kesho yake. Hakucheka. Alitukalisha kwenye benchi, akafunga mlango ili tuyaone yale maandishi ya chaki hata kama hatutaki, akaweka mbele yetu debe la maji na kikombe cha bati.

"Sisi Wadawida wa Taita tunajua jambo hili," akasema. "Watu wakitaka kufanya kazi moja na mioyo yao imefura, kazi haiendi. Ng'ombe hatoi maziwa, mvua hainyeshi, safari inavunjika. Kwa hiyo mtu anasema kinachomuudhi, anachukua funda la maji, anatema nje. Tunaita kutasa. Bibi yangu alifanya, mama yangu alifanya na alikuwa kwenye chama cha akina mama kanisani. Ninyi mtafanya."

Mwalimu Obadiah, mzee wa kanisa, akakohoa. "Sista, haya si mambo ya kizamani?"

"Ni usafi, Mwalimu. Mimi ni muuguzi. Kilicho ndani kikioza, kinatolewa."

Miraj akainua mkono taratibu. "Mimi niwie radhi, Sista. Mimi ni Mwislamu, mambo ya matambiko hayanihusu."

"Kwani, Fundi, unatawadha mara ngapi kwa siku?"

"Mara tano."

"Na ukitawadha husukutui mdomo?"

Miraj akamtazama, akaanza kucheka peke yake. "Wallahi nasukutua."

"Basi hii ni ya sita. Anza wewe."

Akaanza. Alisimama ukingoni mwa baraza, akasema habari ya nyama kwa upole ule ule wake, akapuliza maji nje yakatawanyika juani. Mwalimu alishika kichwa. "Siku nne? Na mimi nikasema watu wa Voi hawali!" Akachukua kikombe, akasema ya jiko, akatema. Donald akasema ya barua yangu, na alitema kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Kisha kikombe kikanifikia mimi.

Niwaambie ukweli, niliona aibu. Mtu mwenye cheti cha kilimo, nimevaa tai, nisimame nitemeteme mbele ya kuku. Nikasema, "Mimi sina kinyongo na mtu." Nikameza maji.

Sista akachukua kikombe, akakipangusa, akakirudisha juu ya debe. Niliona kwamba yeye mwenyewe hakunywa wala hakutema, lakini siku hiyo sikulifikiria.

"Haya maji mliyotumia," akasema, "yameletwa leo asubuhi na Wakesho. Mimba ya miezi sita. Alikuja kupimwa, nami sikumwomba maji, ila amezoea."

Wakesho ni mke wangu. Watatu wale wakaangalia viatu vyao kwa ajili yangu. Nikasema trekta itatoka kesho saa moja.

Ikatoka. Dereva alikuwa likizo, nikaendesha mwenyewe, na dizeli ya Donald ndani ya tangi. Nyuma kwenye trela walikaa Donald, Mwalimu, Miraj na wazazi kumi wa kupakia mabomba, akiwemo Mumbe, jirani yangu, mama wa Kikamba mwenye mabega ya mpagazi wa magunia na mdomo usiopumzika. Tulifika Maungu vizuri. Tulipakia mabomba huku watu wa malori wakitushangaa. Tukageuka kurudi, tukiimba.

Kwenye korongo la mchanga, nusu ya njia, magurudumu yakazama, injini ikachemka na kuzimika. Nikawasha, ikakataa. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaangalia kila nilichokijua, ambacho si kingi. Nikawaambia wote washuke wasukume.

Walishuka. Lakini Mumbe hakusukuma. Alikaa juu ya mchanga, akakunja mikono. "Kuna mtu hapa hakutema," akasema.

Habari za benchi zilikuwa zimekwisha kuzunguka Kasigau nzima. Mmoja mmoja, wakakaa. Wazazi kumi, mwalimu mkuu, mlinzi wa ndovu na fundi wa maji, wote wameketi mchangani katika jua la saa nane, wananitazama mimi. Nikawaambia huo ni ushamba. Nikawaambia injini haijui mambo ya moyo. Nikawaambia wao ni watu wa nchi huru, wasukume. Mumbe akatoa muwa akaanza kutafuna.

Donald akanijia na kibuyu chake cha maji. Akanikabidhi.

Nikakipokea. Nikasema ndengu zangu, na vigingi, na jinsi mkubwa wangu alivyoniuliza kama nalima mboga au misumari, nikapiga funda nikatema. Miraj akashika kifua. "Bwana Shamba, nisamehe. Mimi niliona majani tu." Watu wakaanza kucheka. Na nilipoona wanacheka, moyo wangu ukalegea, nikainua kibuyu tena bila kuombwa.

"Na Sista," nikasema. "Nina hasira na Sista. Miaka sita nawaambieni mkate matuta kwenye mashamba. Nawaandikia, nawachorea. Hamnisikii. Yeye akasema mara moja tu, siku ya chanjo, na Jumatatu mlikuwa na majembe. Nina wivu naye. Nalala na wivu."

Nikapiga funda, nikatema. Mumbe akapiga kelele, "Ameitoa!" Wakainuka wote kwa kicheko, wakasukuma, nikawasha, injini ikaguruma na trela ikapanda. Sisemi iliwaka kwa sababu ya kutema. Ilikuwa imekwisha kupoa. Lakini ukiniuliza mbele ya Mumbe nitasema lolote atakalotaka.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kama harusi isiyokwisha. Miraj alitoa fimbo ya kupimia, akagawa mtaro, kila nyumba fimbo kumi. Donald akasema bomba lisipofukiwa kwa kina cha kiuno, ndovu watanusa maji na kulifukua. Tukanung'unika, tukachimba mpaka kiunoni. Mwalimu alileta darasa la saba kila Ijumaa na kuliita somo la jiografia. Mumbe alimaliza fimbo zake, akamaliza za mama mkwe wake, akaja kwenye zangu akaniambia nikae pembeni nimsomee cheti changu. Miraj alikuwa akila kwa Mwalimu, na sasa alichinja kuku mwenyewe mlangoni, akisema bismillahi kwa sauti ili nyumba nzima isikie. Jioni mbili ndovu walishuka kuelekea mtaroni. Askari wa Donald na akina mama wakapiga madebe matupu mpaka wakarudi msituni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza yale madebe kufanya kazi ya maana.

Shamba langu la ndengu lilikatwa katikati. Nililikata mwenyewe.

Ufunguzi ulipangwa Jumamosi tarehe ishirini na moja Desemba. D.O., mkubwa wa tarafa, angekuja, kungekuwa na nyimbo, na mfereji mpya wa shaba uliokuwa ukutani mwa zahanati ulifungwa utepe mwekundu ulioshonwa na mke wa Mwalimu. Miraj alifunga maji kule juu kwenye tangi tulilojenga chini ya chemchemi ili yafunguliwe siku hiyo kwa heshima.

Alhamisi tarehe kumi na tisa, baada ya chakula cha mchana, Wakesho akashika mlango na kusema, "Baba Dinah, saa imefika."

Nilichukua leso mbili. Nilichukua wembe. Halafu nikasimama katikati ya nyumba nikiwaza: maji ni Jumamosi. Wakesho alikuwa amekwisha kuinama kuchukua debe. Huyu alikuwa mtoto wetu wa tatu, na nilijua alibeba debe la mtoto wa pili mwenyewe, mimi nikiwa nimeshika tochi. Nikamwambia, "Acha." Nikakunja shati kuwa kata, nikajitwika.

Basi Kasigau ikapata sinema ya bure. Bwana shamba, kifua wazi, na tai kwa sababu nilisahau kuivua, debe kichwani, anapanda njia ya mawe nyuma ya mkewe, maji yanamwagika machoni. Akina mama walitoka majumbani. Mumbe alitoka na binti yake Katuku, akalia kwa kucheka, kisha akamshika Wakesho mkono akatusindikiza.

Sista alikuwa mlangoni. Alitutazama, akamwingiza Wakesho kitandani, akamkagua, akarudi nje.

"Reuben," akasema. "Umeleta nini hicho?"

"Maji, Sista. Mfereji ni Jumamosi."

"Mlango wangu unasemaje?"

Sikuweza kuinamisha kichwa kuusoma. Yeye akamgeukia Katuku, msichana mwembamba wa darasa la saba. "Kimbia tangini kwa Fundi Miraj. Mwambie afungue. Mwambie mtoto hamngojei D.O."

Katuku alikuwa amekwisha kuondoka. Sista akaingia ndani akatoka na mkasi wake wa bendeji. Akakata ule utepe mwekundu, chwi, akautia mfukoni, akafungua mfereji. Mfereji ukakohoa. Ukatoa upepo, ukatoa mdudu mmoja mwenye hasira, ukatoa uji wa matope mekundu. Ukanyamaza. Mimi bado nilikuwa na debe kichwani, na nakuapia sikuwahi kusali hivyo hata kanisani. Kisha chuma kikatetemeka mpaka ukutani, yakatoka maji. Yalikuwa meupe na baridi, na yalikuwa na nguvu ya mlima mzima nyuma yake.

Sista aliyajaza kwenye sufuria, akayapeleka jikoni yachemshwe, akajaza beseni, akajaza ndoo, akajaza kila kilichokuwa na tumbo. Alikuwa akicheka, na watu waliotoka shuleni na mtaroni walikuwa wakicheka kwa sababu yeye anacheka. Nilipouliza nitue wapi, akachukua debe langu kwa mikono yake miwili na kulimwaga lote kwenye mche wa mdimu kando ya ngazi.

Saa kumi na nusu alizaliwa msichana. Nilimsikia analia, halafu nikasikia maji yanamwagika beseni, mengi, bila mtu kupima.

Sista alitoka nje, mikono bado imelowa. Tulikuwa pale wengi, Miraj ameshuka kutoka tangini na Katuku nyuma yake, Donald, Mwalimu. Alichukua kile kikombe cha bati, akakijaza mferejini. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile ya benchi yeye hakutema.

"Mwaka wa sabini na mbili," akasema, "alikuja mama nisiyemjua na nusu debe. Alitoka mbali, uchungu ulimshika njiani, akaanguka, maji yakamwagika. Alipofika nilimgombeza. Nilimwambia, 'Nusu debe nitakuogeshea nini?' Akaniomba radhi. Amelala pale anazaa, ananiomba mimi radhi." Akatazama kikombe. "Nina hasira na mimi mwenyewe. Nimecheka nayo miaka yote hii."

Akapiga funda, akatema. Yalipita juu ya ngazi, yakaangukia mdimu.

Kisha Mumbe akatoka katikati ya watu, amejishika kiuno.

"Sista, ilikuwa ni mimi, kabla tuhamie huku. Na wewe ulinipatia chai yako ya chupa yote, ukaosha mtoto na maji yako ya kunywa. Hiyo ndiyo mimi nakumbuka. Hayo mengine nilisahau zamani." Akamvuta Katuku mbele kwa bega. "Mtoto ndiye huyu. Leo amekimbia kukuletea maji, nusu debe yake amelipa."

Sista Tryphena aliketi kwenye ngazi akalia kwa sauti, kisha akacheka kwa sauti, na kwa muda hatukujua ni kipi. Alipomaliza akalowesha kitambaa kwenye mfereji, akampa Katuku, akamwelekeza mlangoni. Msichana akaanza na KRISMASI. Chaki ilikuwa imekaa miezi minane juani, haikutoka upesi, ikabidi Mwalimu amsaidie herufi za juu.

Jumamosi D.O. alifika, akakata utepe mpya, maji yakatoka, akashangaa jinsi yalivyo safi mara ya kwanza. Tulipiga makofi, na hakuna aliyemwambia. Binti yetu tulimwita Tryphena. Ana sauti kubwa.